Kinyonga mgeni mwenye mayai: namna ya kumtunza hadi atage salama

Jike wa kinyonga wa Yemeni hupevuka akiwa na miezi 4 hadi 6 tu, na kama kuku, hutaga hata pasipo dume. Akiwa amewahi kupandwa, anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kutaga mayai yenye uhai miezi kadhaa baadaye, hata mzao wa pili au wa tatu, bila kukutana na dume tena. Madukani, madume na majike wachanga mara nyingi huwekwa pamoja. Ndiyo maana kinyonga uliyeuziwa kama mtoto anaweza kuwa tayari amebeba mayai 30 au zaidi siku unayomfikisha nyumbani.

Wengi katika Afrika Mashariki wamekua wakisikia kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa. Hapasuki. Lakini majike wanaofugwa hufa kweli na mayai tumboni, na sababu iliyo rahisi kuzuia kuliko zote ni kwamba hawakupata mahali pa kuchimba kwa utulivu. Taa, maji na chakula ni vya kumpa nguvu ya kuufikia mchanga. Mchanga wenyewe ndio wa kwanza kuandaa.

Hakikisha ni kinyonga gani

Maelezo haya yanamhusu kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye asili yake ni Yemeni na Saudi Arabia na ndiye anayefugwa zaidi Ulaya na Marekani. Kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis, anatunzwa karibu vilevile, ila mayai yake ni machache zaidi na huchukua muda mrefu zaidi kuanguliwa. Trioceros jacksonii, yule wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru ambaye dume wake ana pembe 3, hatagi kabisa: huzaa watoto hai baada ya kubeba mimba kwa miezi mingi. Huyo hahitaji ndoo ya mchanga.

Kinyonga wa kijani anayeonekana mashambani na kwenye ua za Afrika Mashariki, Chamaeleo dilepis, naye hutaga kwa kuchimba ardhini. Ukimkuta chini barabarani akiwa na tumbo kubwa, huenda anatafuta mahali pa kutaga. Msogeze upande aliokuwa akielekea, umwache. Kumchukua porini bila kibali ni kosa kisheria Kenya na Tanzania, na vinyonga wa aina zote 4 tulizozitaja wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuwavusha mpaka kunahitaji hati.

Dalili kwamba amebeba

Thibitisha jinsia kwanza. Dume wa kinyonga wa Yemeni huanguliwa akiwa na kidutu kidogo cha nyama nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma, na jike hana. Jike aliyebeba huwa na rangi nzito, kijani iliyokolea au karibu nyeusi, yenye madoa ya njano na ya feruzi, na rangi hizo hukolea zaidi akisogelewa. Asiyepandwa lakini amejaza mayai anaweza asioneshe rangi hizo waziwazi, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Tazama umbo: tumbo hutanuka upande wa chini, na siku za mwisho vinundu vya mayai huonekana chini ya ngozi ya ubavuni. Usimbonyeze kutafuta mayai. Yanaweza kupasuka ndani, na yai lililopasuka huchafua tumbo zima.

Muulize muuzaji mambo manne: tarehe aliyoanguliwa, kama amewahi kukaa na dume, kama amewahi kutaga, na unga gani wa kalsiamu amekuwa akipewa. Tangu kupandwa hadi kutaga ni siku 20 hadi 30 kwa kawaida, lakini wewe hujui hesabu ilianza lini. Chukulia kwamba amebakiza siku chache.

Mpime siku ya kwanza kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, kisha mara moja kwa wiki. Jike mzima mara nyingi huwa kati ya gramu 90 na 120. Uzito unaopanda taratibu huku tumbo likijaa ni jambo la kawaida. Uzito unaoshuka ghafla kabla hajataga ni onyo.

Ndoo ya kutagia

Iweke ndani ya kizimba siku ileile anapofika. Ndoo ya plastiki ya lita 20, ile ya kuchotea maji, inafaa sana: ina upana wa karibu sentimita 30, ina kina cha kutosha, na haipitishi mwanga. Mwanga ukipenya pembeni mwa shimo, yeye huona bado yuko wazi na huacha kuchimba. Kama ndoo yako ni ya plastiki angavu, ifunge kwa karatasi nzito au kitambaa cheusi pande zote.

Tumia mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa, au mchanga uliochanganywa nusu kwa nusu na udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Kokoto nazo hazifai, kwa sababu shimo halisimami. Jaza hadi kina cha sentimita 20 hadi 25 baada ya kushindilia. Vyombo vifupi ndivyo vinavyoponza wengi: jike huchimba, kucha zinagonga sakafu ya chombo, anapanda juu, anaanza upya kona nyingine, na baada ya siku mbili amechoka na mayai bado yamo ndani.

Unyevu ndio mtihani. Kwa kila kilo 10 za mchanga mkavu anza na lita 1 ya maji, changanya kwa mkono hadi chini, kisha ongeza kidogokidogo. Ukiufinya unapaswa kushikana bila kudondosha maji. Halafu chomeka mkono wako kimshazari hadi karibu na kitako cha ndoo, utoe, na uache shimo hilo kwa saa moja. Likisimama, mchanga uko tayari. Likiporomoka, ni mkavu mno na unaweza kumfukia akiwa ndani. Maji yakikusanyika chini, umeloana mno na atakataa. Usilizibe lote shimo lako la majaribio. Acha mwanzo wake wa sentimita 5 hivi, kwa kuwa jike wengi hupenda kuendeleza tundu lililokwisha kuanza.

Ndoo hii ikijaa mchanga mbichi hukaribia kilo 30, kwa hiyo hakikisha sakafu ya kizimba inabeba uzito huo, au ulaze ubao chini yake. Iweke mbali na dripu, yaani chombo cha kudondoshea maji ya kunywa juu ya majani, na mbali na mahali maji ya kunyunyizia yanapodondokea, la sivyo baada ya siku tatu utakuwa na tope. Weka tawi imara linaloingia ndani ya ndoo na lingine linalotoka, maana kuta za plastiki hawezi kuzipanda. Majani yanayoning'inia juu ya mdomo wa ndoo humpa ujasiri wa kushuka.

Wiki ya kwanza ni ya kimya

Kinyonga hafurahii kushikwa. Humvumilia mtu tu, na jike mwenye mayai aliyetoka safarini hana nguvu ya ziada ya kuvumilia. Kizimba cha wavu cha sentimita 60 kwa 60 na urefu wa 120 kinamtosha. Kifunike pande tatu kwa kitambaa, kiinue ili tawi lake la kuotea joto liwe juu ya usawa wa macho yako, na kijaze mimea mibichi. Kinyonga wa Yemeni hula majani, kwa hiyo mimea iwe salama: hibiskasi na pothosi zinatumiwa sana. Osha majani vizuri kabla ya kuyaingiza, maana mimea ya vitaluni hupigwa dawa za wadudu. Asione kinyonga mwingine wala kioo.

Usihamishe kizimba wala kupanga upya matawi kila siku. Kazi unayotaka kufanya humo, ifanye siku moja uimalize.

Joto na mwanga

Mahali pa kuotea pawe nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi. Dume hustahimili zaidi, lakini jike anayekaa kwenye joto kubwa na kula sana hutengeneza mayai mengi kuliko mwili wake unavyoweza kubeba. Balbu ya kawaida ya wati 40 hadi 60 juu ya wavu inatosha, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka mgongoni mwake. Pima kwa kipimajoto palepale anapokaa, juu ya tawi, maana ukutani hupati joto analolipata yeye. Usiku zima taa zote. Nyuzi 18 hadi 20 ni nzuri. Anayefuga Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba chenyewe hufika nyuzi 30 mchana, hahitaji balbu ya joto bali upitaji wa hewa.

Mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, haina mbadala. Bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayompa hupita tu. Tumia taa ndefu ya neli, aina ya T5, yenye UVB ya asilimia 5 au 6, juu ya wavu, mgongo wake ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye taa, saa 12 kwa siku. Balbu ndogo zilizosokotwa hutoa mionzi kwa eneo dogo sana. Badilisha neli kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka, kwa kuwa UVB hupungua kabla ya mwanga wa kuonekana. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina UVB ya kumfaa.

Maji

Maji ya bakuli hayatambui. Hunywa matone kutoka kwenye majani. Nyunyiza dakika 2 hadi 3 alfajiri kabla ya taa kuwaka na tena jioni zikizimwa, na mchana weka dripu inayodondosha tone moja kila sekunde moja au mbili juu ya majani, kwa saa moja au mbili. Unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 60 mchana na upande usiku. Katika vyumba vya Muscat au Dubai vinavyopoozwa na kiyoyozi siku nzima, na katika nyumba za Ulaya zenye hita wakati wa baridi, hewa hukauka mno. Hapo ongeza muda wa dripu na ufunike sehemu ya wavu kwa plastiki, lakini usizibe wote.

Kinyesi kitakwambia kama anakunywa vya kutosha. Sehemu ya mkojo iliyo ngumu inapaswa kuwa nyeupe. Ikiwa rangi ya machungwa yote, amekaukiwa maji, na jike aliyekaukiwa hupata shida kusukuma mayai.

Chakula na kalsiamu

Mpe wadudu 4 hadi 6 wa wastani kila siku hadi atakapoacha kula mwenyewe. Nyenje, mende wa kufugwa, panzi wa kufugwa na viwavi wa hariri wote wanafaa. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili. Wadudu wenyewe walishe saa 24 kabla, kwa sukuma wiki, majani ya matembele, karoti na papai, kwa sababu mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Wadudu wa nje ya nyumba waache: huenda wamepita kwenye dawa.

Kila mlo, wapake wadudu unga mwembamba wa kalsiamu isiyo na fosforasi wala D3. Mara 2 kwa mwezi badala yake tumia unga wenye D3 na vitamini. Usizidishe D3 ukidhani unamsaidia, maana ikilimbikizana hudhuru figo. Kalsiamu ya maganda ya mayai yote hutoka kwenye damu na mifupa yake, na misuli inayosukuma mayai nje nayo inaihitaji ili ijikunje. Jike aliyepungukiwa anaweza kuchimba vizuri kabisa kisha asiweze kusukuma. Mikono ikitetemeka, taya likilainika au miguu ikipinda, usisubiri atage. Ni siku ya daktari.

Siku za kuchimba

Siku chache kabla, hula kidogo au huacha kabisa. Kisha kinyonga ambaye hakuwa akishuka huanza kuzunguka sakafuni, kupanda na kushuka wavu, na kukwaruza pembe za kizimba. Akikwaruza sakafu badala ya ndoo, mwinue polepole umweke juu ya mchanga mara moja tu, kisha ondoka.

Kuanzia hapo shughuli yako kubwa ni kutoonekana. Jike akiona mtu akimwangalia anapochimba, huacha shimo, na akikatizwa mara kadhaa anaweza kuyabana mayai. Shusha kitambaa upande wa mbele pia, acha tundu dogo la kuchungulia kwa mbali, zuia watoto, paka na mbwa. Nyunyiza maji kwa muda mfupi asubuhi tu, na hakikisha hayaingii kwenye ndoo.

Anaweza kuchimba mashimo mawili matatu ya majaribio. Kazi yote huchukua siku 1 hadi 2, na taa zikizimwa akiwa shimoni mwache alale humo. Usiwashe taa ya chumba kumtazama. Huingia kichwa kwanza, hugeuka, hutaga kinyumenyume, kisha hufukia na kushindilia kwa miguu. Usimtoe anapofukia hata kama umeshaona mayai, kwa kuwa bila kufukia huendelea kuhangaika akitafuta mchanga.

Anapokwama

Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: amechimba kwa zaidi ya saa 48 bila kutaga. Anafumba macho mchana. Macho yamezama. Analala chini ya kizimba, ameacha kushika matawi. Anaachama mdomo ilhali hakuna joto kali. Ametaga mayai machache, tena ametawanya sakafuni, na tumbo bado limejaa. Kinyonga huficha ugonjwa hadi nguvu ziishe, kwa hiyo anayefumba macho mchana hana wiki ya kusubiri.

Si kila daktari wa mifugo anatibu reptilia. Tafuta jina na simu ya anayewajua wiki ya kwanza, kabla hujamhitaji. Atapiga eksirei au ultrasaundi kuona idadi, ukubwa na mkao wa mayai, atampa maji na sindano ya kalsiamu, na huenda dawa ya kuchochea kusukuma kama hakuna yai kubwa au lenye kilema lililoziba njia. Likiwepo, kinachobaki ni upasuaji. Kumkanda tumbo, kumpa mafuta mdomoni au kumtumbukiza kwenye maji ya moto hakuna faida, na kumkanda kunaweza kumuua.

Akishataga

Atapanda juu akiwa mwembamba, ana mchanga usoni, na ana kiu kali. Nyunyiza kwa muda mrefu, dakika 10 au zaidi ikiwa anaendelea kunywa, kwa maji ya uvuguvugu mdogo. Kesho yake mpe wadudu 5 au 6 wenye kalsiamu, na uendelee hivyo kwa siku 3 hadi 7. Kisha punguza: wadudu 3 au 4, mara 3 kwa wiki. Jike anayelishwa hivyo na kuota kwenye nyuzi 27 hutaga mayai machache zaidi, na baadhi huruka mzao mzima. Kulisha bila kipimo ndiko kunakoleta mizao ya mayai 60 na 70 inayofupisha maisha yao.

Wakati huu ndio pia wa kupeleka kinyesi kibichi kipimwe minyoo, hasa kama hujui alikotoka. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza kazi kwenye kizimba. Reptilia wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuumwa.

Mayai

Fukua kwa kijiko na vidole akiwa ameshapanda juu. Weka alama ya penseli upande wa juu wa kila yai kabla ya kuliinua, na usiligeuze tena. Yai lenye uhai huwa jeupe na limejaa. La njano, laini au lililonywea mara nyingi halina kitu, ingawa unaweza kulipa wiki chache lijidhihirishe.

Kabla ya kuyatamisha, fikiria kwa dhati. Vifaranga 40 wanahitaji vizimba, nzi wadogo wa matunda kila siku, na wanunuzi waaminifu. Kama huna hivyo, yagandishe mayai kwenye friza siku ileile, kiinitete kikiwa bado hakijakua. Ni uamuzi wa heshima kuliko kuwaangua ukawashindwa.

Ukiamua kuendelea, changanya gramu 100 za vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) na gramu 80 hadi 100 za maji kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko na vitobo viwili vidogo. Zika kila yai nusu, ukiacha sentimita 2 kati yao. Weka kabatini gizani, nyuzi 25 hadi 28. Zaidi ya 30 ni hatari. Fungua kifuniko kila wiki mbili kubadilisha hewa, toa lililoota ukungu na kunywea, na ukiona mengi yanabonyea ongeza maji matone machache pembeni, si juu ya mayai. Huanguliwa baada ya miezi 6 hadi 9.

Ndoo ya mchanga isiondoke kwenye kizimba. Iandike tarehe aliyotaga, kwa sababu mzao unaofuata huweza kuja baada ya siku 90 hadi 120 hata bila dume. Ikifika siku ya 80, mimina mchanga wote, uoshe au uubadilishe, uloweshe upya, na urudie jaribio la shimo la mkono.